Mlio wa Gia ya Kwanza

Mwanangu wa kiume, mtu mzima na ndevu zake, ameniletea gofu la gari mbele ya nyumba yangu hapa Croydon. "It's a classic, Mum," ananiambia. Mie namsemesha kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, na ndivyo tulivyozoeana. Classic! Milango haifungi, sakafu imeoza mpaka unaiona lami, viti vimetoka matumbo, na bwana mkubwa ananitazama kama kaniletea mkwe. Haya. Jumamosi moja akaja na wenzake, wakalichokonoa toka asubuhi, likawaka. Nikawapigia makofi dirishani kama mama mwema. Halafu akatia gia, akaanza kulitoa polepole kuelekea barabarani, na mie nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya kochi, mikono kichwani, nimejibana ukutani. Mwanamke wa umri wangu, na magoti haya! Nilikaa pale mpaka mlio ukapotea mtaani, ndipo nikainuka, nikajifanya natafuta rimoti.

Wewe ni mtu wangu, wacha nikwambie. Magari ya zamani yale, mengi yao, meno ya gia ya kwanza yamenyooka, hayakukatwa mshazari kama ya siku hizi. Ndiyo maana yanalia. Gari ikitembea taratibu kwa gia hiyo inatoa mlio mwembamba wa kuvuta, nginnnn, unaopanda kila injini ikiongezwa moto. Wapenzi wa magari hayo wanausikia wakatabasamu. Mie nikiusikia mate yananikauka.

Tulikuwa tunakaa Kilburn, miaka ya sabini ndiyo kwanza imeanza. Ghorofa ya juu ya nyumba ya kupanga, vyumba viwili na jiko, choo tunashirikiana na watu wa chini. Baridi ya nyumba ile usiulize. Tulikuwa na jiko la mafuta ya taa tukilihamisha chumba hadi chumba, na harufu yake nilikwenda nayo skuli kwenye sweta. Jumapili mtaa ulinyamaza, zikasikika treni tu zikipita nyuma ya nyumba na vikombe vikitikisika kabatini. Mama alikuwa muuguzi, mara zamu hii mara zamu ile. Baba alikuja London kusoma kabla ya mapinduzi ya kwetu Unguja, yakamkuta huku, hakurudi tena. Alikuwa akifanya kazi kwenye reli, na akitoka huko alikuwa na kazi yake ya pili, ile aipendayo: gari.

Nyuma ya nyumba palikuwa na uchochoro, na katika uchochoro safu ya magereji ya matofali. Moja alikodi Baba. Humo ndani mlikuwa na gari la Kiingereza la kizamani, jeusi, mgongo wa mviringo, taa zimetokeza mbele. Alilikuta kwenye yadi ya vyuma chakavu, limeota majani, na panya wamezaa ndani ya kiti cha nyuma. Mtu mwingine angelipita. Baba, kwa maneno ya Mama, alilitazama vile alivyopaswa kumtazama yeye siku ya harusi. Kwa sababu babu yangu, baba yake Baba, alikuwa na gari kama lile huko Unguja. Aina ileile, rangi ileile, hata viti rangi moja.

Msaidizi wake alikuwa Mzungu mmoja mzee, fundi wa mabasi aliyestaafu, anayekaa nyumba namba tisa. Sisi tukimwita Mzee wa Namba Tisa. Alikuwa na makopo ya parafujo kuukuu, kila kopo na ukubwa wake, na ole wako uchanganye. Wawili wale walikuwa na dini yao, na dini yenyewe neno moja: orijino. Kila kitu lazima kiwe kilekile kilichotoka kiwandani. Waliweza kubishana juu ya kifuniko kimoja cha taa mpaka chai ikapoa. Wakienda yadi hii, wakirudi yadi ile, wakileta kipande cha bati wamekifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga. Nikiwapelekea chai ya tangawizi ninakuta miguu minne imetokeza chini ya gari, miwili na soksi za sufu, miwili na viatu vya reli, na mazungumzo yanaendelea huko chini.

"Siku likitembea," Baba alikuwa akiniambia, anajifuta grisi, "nampandisha Bibi yako kiti cha mbele, namzungusha London nzima. Lakini asijue. Nataka kumshtukiza."

Kumshtukiza. Neno lenyewe hilo, hebu lisikilize. Baba alikuwa na maana ya furaha tu, masikini, zawadi ya ghafla. Na Mama alikuwa ameshatukalisha kitako akatwambia kwamba moyo wa Bibi si mzima, daktari kasema jambo moja tu: asipate mshtuko.

Bibi alikuja kwetu nikiwa na miaka sita au saba hivi. Alitoka Unguja kwa njia anazozijua mwenyewe, akafikia kwa jamaa Mombasa pamoja na shangazi yangu, shangazi akaolewa huko, na Bibi akaletwa London na Baba. Tukalala kitanda kimoja, mie na yeye, kitanda cha chuma kirefu ambacho mizigo yote ya nyumba ilikuwa chini yake. Aliniita mke mwenzangu. Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyotaniana na wajukuu wao wa kike, kwamba sote tumeolewa na babu. "Wewe mke mwenzangu, sogea huko, umejaa kitanda kizima, mume wetu akija atalala wapi?" Nikicheka mpaka nakohoa. Babu sikuwahi kumwona, lakini kwa Bibi alikuwa mume wetu, anapenda hiki, hapendi kile, kama mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani.

Ila Bibi alikuwa na woga, na mtu akikaa na mwoga kitanda kimoja naye huwa mwoga. Hakukaa akaupa mlango mgongo. Akila, mlango ukigongwa chini, hata kama ni muuza maziwa, anaacha kutafuna. Viatu vyake viliwekwa kando ya kitanda, vidole vinatazama nje. Mie nikaanza hivyohivyo. Skuli mwalimu aliniuliza kwa nini kila akifungua mlango narukaruka kitini, nikamwambia nasikia baridi. Mtaani walikuwapo wale vijana wenye vichwa vilivyonyolewa na mabuti, wakitutemea mate na kututukana, na hao niliwaogopa pia, lakini hao angalau ulikuwa unawaona wanakuja.

Alasiri moja tulikuwa tumekaa kitandani tunachambua mchele, sinia katikati yetu, jiko la mafuta ya taa miguuni. Mchele wenyewe tulikuwa tukiununua Harrow kwa Muhindi mmoja aliyetoka Mombasa, msemaji wa Kiswahili kitamu kushinda changu, na Bibi hakuuamini, akiuchambua punje kwa punje. Nikamwuliza, kwa kuwa kichwani nilikuwa na gari la Baba, kama mume wetu alikuwa na gari.

"Gari!" akasema. "Wee! Gari ndiye alikuwa mke mkubwa, mie nilikuwa mke mdogo. Kanga yangu mpya, hata maji haijapita, nikaikuta anafutia bampa." Akacheka. Halafu kicheko kikaisha, na mikono ikaendelea kuchambua. "Walipokuja watu wenye bunduki kulichukua, aliwapa ufunguo kwa mikono miwili. Akaniambia, bibi wee, gari ni chuma tu. Nikamshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha."

Hayakwisha. Mitaa ya kwetu ni myembamba, gari haiwezi kukimbia, inakwenda kwa gia ya kwanza. Basi lile gari likawa linakuja mtaani mchana kweupe, linalia nginnnn, na kila mtu ndani ya nyumba yake anaujua mlio huo ni wa gari la nani. Mlio ukipita, watu wanashusha pumzi. Mlio ukikatika mbele ya nyumba, mtu wa nyumba hiyo anatolewa, anatiwa ndani, na harudi. "Majirani wakaacha kunisalimia," Bibi alisema. "Mwanamke mmoja tuliyekuwa tukipelekeana futari akaniambia, gari lenu lilipita kwetu jana. Lenu! Kama kwamba mie ndiye ninayelituma."

"Halafu, Bibi?"

"Halafu siku moja likakatika kwetu."

Nikangoja. Akaokota kijiwe, akakitazama, akakitupa. Akaniambia kwamba Baba anajua baba yake aliumwa, akafa, akazikwa, na aendelee kujua hivyo. "Angelijua angelirudi kuuliza. Na wale hawakuwa wakipenda kuulizwa. Usimwambie. Haya ni maneno ya wake wenza." Akanishika kidevu mpaka nikaapa wallahi.

Sasa nitazame, mtoto wa miaka tisa, nimebeba siri mbili zinazotazamana. Baba ananiambia Bibi asijue habari za gari. Bibi ananiambia Baba asijue habari za gari. Na gari ni moja! Ndani ya gereji linazidi kupona. Kutu imepigwa msasa, rangi nyeusi imepakwa, taa zimerudi, injini imepasuliwa na kufungwa. Kila kifaa kilichorudi mahali pake, Baba na Mzee wa Namba Tisa wakishikana mikono, na mie tumbo linaniuma. Siku walipopata giaboksi, orijino, haina hata ufa, nilitapika. Mama akanipima homa, hana habari.

Nilikuwa nikiomba dua gari life. Nikisali na Bibi, yeye ameinua mikono anawaombea watu wote wa Unguja, na mie pembeni yake naomba: Mola, kabureta izibe, betri ife, mvua inyeshe ndani ya injini. Nilijaribu pia kumweleza Baba bila kuvunja kiapo. Nikamwambia, "Baba, mie nadhani Bibi anaogopa magari." Akacheka sana. "Bibi yako? Bibi yako sikukuu alikuwa anakaa kiti cha mbele toka kabla hatujavaa, asije akachukuliwa nafasi." Akaendelea kung'arisha bampa. Alikuwa amefurahi kiasi kwamba sikuwa na pa kulipitishia neno.

Jumapili moja, baridi imeanza kulegea, Bibi alikuwa jikoni anapika mkate wa kumimina na mie nimekaa juu ya meza namtazama. Harufu tamu ya iliki na hamira. Dirisha liko wazi kidogo. Mara kule nyuma, injini ikakohoa, ikazima. Ikakohoa tena. Ikashika, ikanguruma, na nikasikia Mzee wa Namba Tisa anapiga mayowe kama mtu aliyeshinda mpira.

Nikamtazama Bibi. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Gari la nani hilo, lina kifua hivyo?" akasema, akageuza mkate.

Basi! Hakuna kitu. Anapika. Lo, nilivyocheka, machozi yananitoka, na yeye akaniuliza nacheka nini, nikasema sijui. Miezi yote ile ya kuumwa tumbo, na kumbe hakuna kitu. Nikashuka mezani, nikachota asali kwa kidole.

Kisha Baba akatia gia.

Uchochoro ule una mwinuko, nyumba pande zote mbili, kuta zinarudisha sauti. Akalitoa polepole, kwa kuwa hakutaka kulikwaruza, na ule mlio ukaja. Nginnnn. Ukapanda ukutani, ukaingia dirishani. Nilimwona Bibi mkono wake unasimama na mwiko hewani. Hakugeuka kutazama. Aliangusha mwiko, akanishika mkono juu ya kiwiko, nguvu zile sijui alizitoa wapi, akanivuta mpaka chumbani, akanisukuma chini ya kitanda baina ya masanduku, akaingia yeye juu yangu. Kiganja chake kikaniziba mdomo na pua. Kilikuwa kinanuka iliki. "Usipumue," akaninong'oneza. "Usipumue, usipumue."

Mlio ukaja mpaka chini ya nyumba yetu. Ukakatika.

Nilijua ni Baba. Nilikuwa najua kabisa ni Baba, kavaa sweta yake ya kahawia, na bado niliogopa kama sijapata kuogopa maishani mwangu, kwa sababu moyo wa Bibi ulikuwa mgongoni kwangu na niliusikia unapiga, unakosa, unapiga. Honi ikalia mara mbili. Viatu ngazini, vinakimbia. Mlango. "Mama! Mama, njoo uone!" Mkate unaungua, moshi umejaa. Viatu vya reli vikaja mpaka kitandani, vikasimama, na baadaye uso wa Baba ukashuka kutuchungulia, bado anatabasamu, tabasamu halijajua pa kwenda.

Bibi hakumtambua. Alimtazama mwanawe usoni akamwambia kwa adabu, kama unavyomwambia mtu mkubwa serikalini, "Mwacheni huyu, bwana. Huyu mtoto. Nichukueni mie."

Sitaki kukaa sana hapo. Mama alirudi akampa dawa, daktari akaja, Bibi akalala siku kadhaa hasemi, anakunywa uji tu. Na siku ya kwanza ileile Baba alinikalisha ngazini, akaniuliza Bibi ana nini. Nikamwambia. Nilichojua chote. "Si gari, Baba. Ni gia ya kwanza." Alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaenda gereji, akajifungia, na nilipopeleka chai nilimkuta amekaa kiti cha mbele, upande usio na usukani.

Wiki ya pili akaanza kulifungua. Mzee wa Namba Tisa alikuja na kopo lake la parafujo, akakuta giaboksi iko sakafuni, na Baba anaulizia ya toleo la karibuni zaidi, ile yenye meno ya mshazari isiyolia. Mzee alipandisha hasira, we! Uso ukawa mwekundu mpaka masikioni. Hiyo si gari tena, alisema, hiyo ni takataka, huwezi kutia kitu hicho, utakuwa umelifanya mwanaharamu. Baba hakuwa na Kiingereza cha kuyaeleza yale. Alisema maneno manne tu: "My mother is afraid." Mzee akabaki na kopo lake. Alitazama juu kwenye dirisha letu. Akasema mkewe, Mungu amrehemu, tangu mabomu ya vita mpaka anakufa hakuweza kuvumilia king'ora, hata cha gari la wagonjwa. Basi giaboksi ile akaitafuta yeye mwenyewe, akaifunga yeye mwenyewe, na muda wote ule anaitukana.

Baba hakuishia hapo. Rangi nyeusi akaifuta, akapaka ya manjano, manjano ya kupiga kelele. Honi akabadilisha. Ekzosi, taa, vitambaa vya viti, vyote. Walikuja wapenzi wa magari kulitazama, watu wa heshima na kofia zao, wakatikisa vichwa wakaondoka, na Mzee wa Namba Tisa akawafukuzia maneno, yeye aliyekuwa anasema vilevile juzi.

Bibi alipopata nguvu Baba alipiga magoti mbele yake, akamwambia lipo gari, na kwamba yaliyotokea Unguja ameyasikia. Hakusema amesikia kwa nani. Bibi akanitazama mara moja, nikataka sakafu ipasuke. "Lipitishe," akamwambia Baba. Tukasimama dirishani, mie na yeye, amenishika bega. Gari la manjano likapita chini kwa gia ya kwanza, polepole, na hakukusikika kitu isipokuwa injini. "Tena," akasema. Likapita tena. Vidole vyake bado vinanichimba bega. "Tena." Sijui lilipita mara ngapi, mpaka watoto wa mtaa wakatoka kuja kuchekelea. Mwishowe vidole vikalegea, akaomba buibui na koti.

Tulikuwa tunakwenda Harrow kwa Muhindi kununua nazi. Bibi kiti cha mbele, mikono imeshika mkoba, mie nyuma. Kila gari liliposimama kwenye taa nilikuwa namtazama shingo. Tulipofika barabara kubwa akaanza kumwambia Baba, sauti ya kawaida, anatazama mbele.

"Baba yako alikuwa anakunywa kahawa kwenye baraza ya ndani. Liliposikika limekatika, mie nikamchukua dada yako nikaingia naye chini ya kitanda. Yeye nikamwacha. Nimemwacha, unasikia? Sikutoka kumuaga. Nilikuwa nimemziba mtoto mdomo, namsikia mume wangu anatolewa nyumbani kwake, na sikutoka."

Baba aliendesha. Duka la Muhindi likaja upande wa kushoto, na magunia yake ya vitunguu nje, tukalipita. Nikafungua kinywa, Baba akaniangalia kwenye kioo, nikakifunga. Nikaelewa. Bibi alikuwa anasema maadamu gari linakwenda, na Baba aliogopa kulisimamisha.

"Hakulia," Bibi akaendelea. "Hakuwaomba. Walipomtia ndani, yule kijana wa usukani akalazimisha gia, ikapiga kelele, krrr. Na baba yako nikamsikia anamwambia, kwa upole, kama alivyokuwa akikufundisha wewe: Polepole, mwanangu, usiilazimishe. Simama kwanza, ndipo utie. Ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia. Kijana akasimama, akatia. Wakaenda zao. Niliusikia ule mlio mpaka kona ya msikiti."

Tulikwenda. Nyumba zikaisha, yakaanza mashamba ya Kiingereza, ua na ng'ombe. Bibi akisimulia alivyokwenda kuuliza akafukuzwa, alivyokwenda tena, mtu gani alimwambia kafa, mtu gani alimwambia yu hai gerezani, na shangazi yangu alivyoacha kusema kwa mwaka. "Wewe nikakwambia aliumwa," akasema. "Ukamsomea khitma huku na wenzako, nikashukuru. Mie sikumsomea. Wala eda sikukaa. Ningekaaje eda, na sijui kama nimefiwa? Mpaka leo najipikia na kujifunga ushungi kama mke wa mtu."

Mafuta yakatwishia kwenye kilima kimoja. Gari likapunguza mwendo lenyewe, Baba akaliachia mpaka ukingoni kwenye nyasi, likasimama. Nilikamata kiti cha Bibi kwa nyuma, nikiogopa kwamba sasa ndipo moyo wake utakapokatika. Ni Baba aliyekatika. Aliweka kichwa juu ya usukani akalia kwa sauti, mwanamume mzima, na Bibi akamwekea mkono kisogoni, akawa anamfuta kwa ncha ya buibui.

"Nirudishe nyumbani," akamwambia alipotulia. "Nataka kukaa eda."

Baba akasema labda tumuulize shehe kwanza, miaka imepita mingi. "Shehe hakuwapo pale," Bibi akajibu. "Nilikuwapo mie."

Akakaa eda yake kamili, Kilburn, ghorofa ya juu, kwenye chumba chetu. Hakutoka, hakupaka wanja, hakutia manukato. Mama alifunika kioo. Mzee wa Namba Tisa alituma maua, na Baba akamweleza kwamba maua sivyo, akatuma kopo la biskuti. Mie nikilala pale pale pembeni yake, namsikiliza anavyopumua.

Nyumba ile imebomolewa, na magereji pia, wamejenga maghorofa yenye vioo. Mzee wa Namba Tisa, Bibi, Baba, wote wametangulia, na lile gari la manjano liliuzwa kwa mtu wa mbali ambaye bila shaka amelirudisha kuwa jeusi, orijino, na analiendesha taratibu kwenye maonyesho ili watu wausikie mlio.

Siku eda ilipokwisha Bibi alioga, akavaa, akafungua mlango wa chumba mwenyewe. Mlango wa chini ukagongwa, muuza maziwa yule, mie nikaruka. Bibi alikuwa anakunywa chai. Aliendelea kunywa. Nikamwuliza, "Bibi, huogopi tena?"

"Naogopa, mwanangu," akasema. "Naogopa sana. Ila simngojei mtu."